Mgomba wa Udiwani

Anayesimulia habari hii hajapata kusema uwongo maishani mwake, isipokuwa huo mmoja uliokwisha kuusoma. Yaliyobaki yote ni kweli, na asiyeamini aende akaulize, kama ataipata hiyo nchi yenyewe. Haina jina. Ilipojitawala iliundwa kamati ya kuitafutia jina, na kamati hiyo mpaka leo inakaa, inakunywa chai, na kila mwaka inaomba iongezewe muda na sukari.

Katika nchi hiyo kuna wilaya moja ya milimani, kule ambako mvua hainyeshi wala haikatiki, ni rasharasha tu kutwa kucha, kama mtu anayelia bila kufiwa. Watu wake hulima migomba na kufuga kondoo, lakini shughuli yao kubwa ni kutoaminiana. Ukimwambia mtu wa huko habari za asubuhi, kwanza atatazama juu, ahakikishe.

Na katika Kata ya Nyuma-ya-Kilima hakuna aliyeshuku kama Bi Siwatu. Huyu alikuwa mjane, mfupi, mwenye jicho moja kubwa kuliko jingine kwa sababu ya kuchungulia. Akipeana mkono na kiongozi, akifika nyumbani hujikagua vidole. Jogoo wake mwenyewe alimshuku kwamba anawika kwa maelekezo kutoka juu. Mambo ya serikali peke yake ndiyo hakuyashuku. Hayo alikuwa na hakika nayo.

Sasa, Bi Siwatu alikuwa na njia. Si barabara, njia ya mguu tu, inatoka mlangoni kwake, inapita kando ya ua wa diwani, inateremka mpaka chemchemi. Aliipita akiwa mwali na mtungi kichwani, akaipita akiwa mama wa watoto na debe, na siku hizi anaipita na kidumu cha manjano ambacho hata mtoto angekionea aibu. Diwani wa kata, Mheshimiwa Ngwengwe, alitaka kuimeza njia hiyo ndani ya ua wake achimbe bwawa la samaki. Bwawa lingeitwa Bwawa la Maendeleo ya Wananchi, na wananchi wasingeingia. Baraza la wilaya lilikwisha kukubali kimsingi. Lilichosubiri ni diwani huyo achaguliwe tena, ili litie sahihi.

Njia ikifungwa, Bi Siwatu itampasa auzunguke mlima mzima kutafuta maji ya uji, na magoti yake yalikwisha kusema hayataki. Asingekuwa na la kufanya ila kuhamia mjini kwa mkaza mwanawe, mwanamke mwema, mcha Mungu, anayepika bila chumvi.

"Heri kaburi," alisema Bi Siwatu. "Huko hakuna anayekuuliza umeonaje mboga."

*

Mheshimiwa Ngwengwe hakuwa mtu wa kushindwa, kwa sababu hakuwa mtu wa kushindana. Kila uchaguzi alipita bila kupingwa. Si kwamba wapinzani hawakuwepo. Walikuwepo, masikini, ila fomu zao zilikuwa na udhaifu. Mmoja alienguliwa kwa kuandika jina la baba yake akiwa amekaa, na heshima ilitaka asimame. Mwingine aliijaza fomu vizuri kupita kiasi, ikaonekana dhahiri ana nia ya kushinda. Yupo aliyefika ofisini mapema akakuta mlango umefungwa, akaenguliwa kwa kutoingia ndani.

Aliyewaengua ni msimamizi wa uchaguzi, Bwana Fikirini, mtu mwembamba mwenye muhuri mnene. Hakuwa mbaya. Alikuwa na maradhi ya utaratibu, basi. Nyumba ikiungua angeuliza kwanza moto umeingia kwa kibali cha nani.

Mwaka huo Fikirini aliandika tangazo la uchaguzi kwa mkono wake mwenyewe, akaligonga muhuri kwenye pembe zote na katikati, akalibandika mlangoni pa ghala la pembejeo. Watu wakapita, wakasoma walichozoea kusoma, wakaenda zao. Bi Siwatu alikuwa ameishia darasa la nne, na kwa kuwa hakuyaamini maandishi, aliyasoma herufi moja moja kama mtu anayechambua mchele. Yalisema:

NAFASI YA UDIWANI IKO WAZI KWA KILA MGOMBA MWENYE SIFA. MGOMBA AWE MKAZI WA KATA HII, ASIWE AMEPATA KUFUNGWA, NA ASIWE RAIA WA NCHI NYINGINE. MWISHO WA KUPOKELEWA NI LEO SAA KUMI JIONI.

"Shemeji," akamwita mzee Chande, ndugu wa marehemu mumewe, aliyekuwa amejibanza chini ya paa la ghala akikwepa rasharasha. "Njoo unisaidie macho. Unaona e hapa?"

"E ya nini?"

"E ya mgombea."

Chande akasogeza uso, akatazama, kisha akatazama nyuma yake kama kuna mtu. "Hakuna e. Huu ni mtego, shemeji. Wameitoa makusudi."

"Kwa faida gani?"

"Ningeijua faida, ungekuwa mtego gani huo?"

Bi Siwatu akakaza kanga yake kiunoni. "Basi na tunase. Mgomba mimi ninao."

*

Kanuni ilisema mgombea asiyeweza kutembea afuatwe nyumbani kwake. Fikirini alipoambiwa kwamba yupo mgombea wa namna hiyo, alichukua mwavuli, muhuri na kitabu cha kanuni, akaongozana na Bi Siwatu mpaka shambani. Akaoneshwa mgomba mmoja mrefu, mnene, wa kijani, ambao ulikuwa bado haujabeba mkungu.

"Bibi," akasema, "unanichezea."

"Nitakuchezeaje na mimi nina umri wa nyanya yako? Tangazo ni la nani?"

Fikirini akalikumbuka tangazo. Uso ukambadilika. "Lile ni kosa dogo la uandishi, bibi."

"Alaa. Kumbe tangazo lina kosa."

Fikirini akapiga hesabu moyoni. Tangazo likiwa na kosa, ni batili. Likiwa batili, basi na Mheshimiwa Ngwengwe, aliyepokelewa asubuhi kwa tangazo hilohilo, naye ni batili. Na saa kumi ilikuwa inakaribia, na hapakuwa na muda wa kuandika jingine, wala kulipeleka wilayani likasainiwe.

"Tangazo la serikali halina kosa," akasema, kama mtu anayemeza kokwa la embe.

"Ndivyo nilivyofundishwa shuleni," akasema Bi Siwatu. "Nilifikiri labda mmebadilisha."

Fikirini akafungua fomu juu ya goti. "Ni mkazi wa kata?"

"Tangu achipue. Hajalala nje hata siku moja, na sijui wangapi huko barazani wanaweza kusema hivyo."

"Amepata kufungwa?"

"Alifungwa kamba mara moja, wakati wa upepo. Akafunguliwa bila mashtaka."

"Uraia?"

"Mche wake ulitoka ng'ambo ya mto. Na mama yako, mwanangu, alitoka wapi?"

Fikirini akaandika: raia.

"Kusoma na kuandika?"

"Hajashindwa mtihani wowote."

Fikirini akapuliza muhuri wake, akaugonga kwenye jani. Kisha akasimama wima, akamgeukia Bi Siwatu kwa sauti ya ofisini. "Kuanzia sasa, bibi, usiseme mgomba umesimama. Sema mgomba amesimama. Huyu sasa ni mtu."

Na ikawa hivyo. Watu wa kata walianza kujisahihisha njiani. Mgomba anaendeleaje? Hajambo, amenyeshewa kidogo. Jana ameangusha jani. Mwalimu wa shule ya msingi aliambiwa awafundishe watoto kwamba migomba yote imepandwa, ila yule mmoja amezaliwa. Kata nzima ikazoea, isipokuwa Mheshimiwa Ngwengwe. Yeye alisema u, na akaapa kwamba atasema u mpaka afe.

*

Kampeni ilipoanza, swali lililozagaa wilayani kote lilikuwa moja: nani yuko nyuma ya mgomba? Kamati ya usalama ilifika shambani, ikazunguka nyuma, ikamkuta kuku anafukua. Kuku akachukuliwa kwenda kutoa maelezo. Hakusema neno, na hilo ndilo lililowatia wasiwasi zaidi. Waliandika kwamba amefundishwa.

Mheshimiwa Ngwengwe aliitisha mkutano pale ghalani. Alikuwa mwanamume mpana, mwenye sauti ya kutoka tumboni, na alikuwa na kipaji cha kuzungumza bila kufika.

"Ndugu wananchi," alianza, "mimi si mtu wa maneno." Akaendelea kutokuwa mtu wa maneno mpaka kondoo wakaanza kurudi wenyewe nyumbani. "Tulikotoka ni mbali. Tunakokwenda ni mbali zaidi. Kwa hiyo tusitoke tulipo. Katika kipindi changu nimewaletea mchakato. Nimewaletea upembuzi. Mwaka jana nimewaletea mkakati wa kuleta mpango. Leo mnaletewa mgomba. Mgomba hauna sera. Hauongei."

"Ndiyo maana tunaupenda," mtu akasema huko nyuma.

"Tunampenda," jirani yake akamsahihisha.

"Mgomba huo umewafanyia nini?"

"Kivuli."

"Majani ya kufunikia chungu."

"Hajafunga njia ya mtu," akasema Bi Siwatu, polepole, kana kwamba anajisemea.

Mheshimiwa akajifanya hakusikia. "Wahenga walisema, mgomba changaraweni haupandwi."

"Hapandwi, Mheshimiwa," akasema Fikirini, aliyekuwa amekaa mbele na kitabu chake.

"Na hapa si changaraweni," Chande akaongezea. "Hapa ni matopeni. Angalia viatu vyako."

Watu wakacheka, lakini si sana, maana kila mmoja alikuwa anatazama nani anacheka.

Usidhani walimwamini mgomba moja kwa moja. Nyuma-ya-Kilima hawana tabia hiyo. Baada ya muda wengine walianza kunong'ona: mbona kimya hivi? Pengine amekwisha kununuliwa. Bi Siwatu mwenyewe, mchana mmoja alipokuwa akipalilia, aliinuka, akashika kiuno, akamtazama mgombea wake juu mpaka chini.

"Na wewe ukishaingia huko," akamwuliza, "hutabadilika?"

Jani moja likatikisika. Hakupenda lilivyotikisika. Lakini alipoinua kidumu chake na kushika njia ya chemchemi, alikuta kando ya njia vimechomekwa vigingi vipya vya mti, vimepakwa rangi nyekundu vichwani, tayari kwa ua. Akavitazama kimoja baada ya kingine mpaka vilipoishia. Kuanzia siku hiyo hakumhoji mgomba tena, alimwagia maji.

*

Siku ya kura watu walidamka wakapanga foleni ghalani, rasharasha inawadondokea. Sanduku lilikuwepo. Karatasi zilikuwepo, na juu yake majina mawili, Ngwengwe na Mgomba, na michoro, maana baadhi walijua kusoma michoro tu. Fikirini akapanda juu ya kreti.

"Ndugu wananchi, kila kitu kiko tayari isipokuwa wino wa kuchovya vidole. Wino haujafika. Umekwama mkoani, unasubiri sahihi ya ofisa aliyekwenda kutafuta kalamu. Bila wino hapigi kura mtu yeyote, hata mimi, hata mkubwa gani. Mtu asipochovya kidole anaweza kurudia, na ninyi nawajua."

Hakuna aliyekasirika. Ilikuwa kweli, walijuana. Wakasubiri. Kata yote ilikuwa pale, wazee kwa vijana, na wagonjwa waliobebwa migongoni. Bi Siwatu akanyoosha shingo, akapitisha lile jicho kubwa kwenye foleni kutoka mkia mpaka kichwa.

"Shemeji," akamwambia Chande, "mwenye harusi yuko wapi?"

Chande akageuka. Kila uchaguzi Mheshimiwa Ngwengwe ndiye huwa wa kwanza, mbele kabisa, apigwe picha akitumbukiza. Leo hayupo.

"Labda amelala," akasema Chande.

"Mwizi hulala siku ya soko?"

Jua lilikuwa limepanda, kama kweli lilikuwepo nyuma ya mawingu, ndipo Mheshimiwa alipotokea. Alikuwa amevaa suti nyeupe ya ushindi, imelowa mikono na kifua, lakini nani hakulowa. Hakusalimia kwa kupunga mkono kama kawaida yake. Alivua kofia, akaiweka kifuani, na sauti yake ilitoka kooni badala ya tumboni.

"Ndugu zangu, nimekuja na habari nzito. Mpinzani wangu hatunaye tena. Mgomba amefariki dunia."

Foleni ikaguna. Bi Siwatu hakuguna. Sikio lake lilikuwa limenasa kitu. Amefariki. Kampeni nzima mtu huyu alikataa kusema a, mgomba akiwa mzima. Leo mgomba amekufa, ndipo anampa utu.

Wote wakakimbilia shambani, Mheshimiwa akiwa nyuma yao kwa mwendo wa msiba. Mgomba alikuwa amelala kifudifudi katika matope, amekatwa usawa wa goti, pigo moja safi. Lile jani lenye muhuri lilikuwa limekunjika chini yake. Bi Siwatu akachuchumaa, akalitoa taratibu, akalifuta kwa pindo la kanga. Kutoka pale alipochuchumaa aliviona vichwa vyekundu vya vigingi, kwenye njia yake. Mdomoni akasikia ladha ya mboga isiyo na chumvi.

"Fikirini," akasema Mheshimiwa, "soma kifungu."

Fikirini akasoma. "Kifungu cha tisa. Mgombea akifariki kabla ya kura, aliyebaki atapita bila kupingwa."

"Basi."

"Kifungu cha kumi. Isipokuwa kama aliyebaki ndiye aliyemfarikisha."

Kifungu hicho kilikuwa kimeongezwa zamani, baada ya jambo ambalo katika wilaya ile halisimuliwi mbele ya wageni.

"Cha kumi hakituhusu," akasema Mheshimiwa. "Andika cha tisa."

Lakini kabla ya kuandika marehemu lazima apimwe, ndio utaratibu. Fikirini akapiga magoti, akasimamisha rula kando ya kisiki, akaandika. Kisha, kwa kuwa kanuni ilitaka vipimo viwili, akafungua mwavuli, akaufuta mkono, akatafuta ukurasa, akapima tena. Akaikodolea macho rula.

"Mheshimiwa, marehemu ameongezeka."

Kweli. Katikati ya kisiki moyo mweupe ulikuwa unapanda, umekwisha kuchomoza kama kidole.

"Mgomba hafi kwa panga," akasema Chande. "Hilo hata kondoo anajua."

"Amefariki," akasema Mheshimiwa. "Andika, Fikirini, watu wanalowa."

Bi Siwatu akainuka, magoti yakilia. "Mheshimiwa, pole kwa msiba. Nani aliyekuletea habari?"

"Niliambiwa."

"Na nani?"

"Na wananchi, mama."

"Wananchi gani hao, na sisi sote tulikuwa ghalani?"

Hapo ndipo Mheshimiwa Ngwengwe alipofanya kosa lake la pekee katika siasa. Angejibu kwa ufupi, pengine leo angekuwa na bwawa. Yeye akahutubia. Alisema tangu kuzaliwa kwake hajatia mguu katika shamba lile, ila sasa hivi alipofuatana na umma. Alisema panga hajui hata linashikwa upande gani. Alisema yeye na marehemu walitofautiana kwa hoja, si kwa chuki, na kwamba kwa kumuenzi bwawa litapewa jina lake. Aliinua mkono wa kulia kuapa, akauacha juu, akaapa kwa baba yake, kwa baraza, kwa mchakato na kwa upembuzi.

Na huku anaapa, watu walikuwa hawamtazami usoni. Walikuwa wanatazama ule mkono uliokuwa juu. Mvua ikilowesha nguo nyeupe, inabaki nyeupe. Lakini hapo kwenye mkono wa suti, kutoka kiganjani mpaka karibu na kiwiko, ule umaji ulikuwa umeanza kugeuka. Kwanza ulikuwa kama chai ya mwishoni mwa mwezi. Halafu kama chai yenyewe. Mheshimiwa alipofika kwenye upembuzi ulikuwa umekuwa kahawa isiyo na maziwa, na matone yake yamemwagika kifuani hadi mfukoni. Katika Kata ya Nyuma-ya-Kilima hakuna mtu ambaye hajapigwa na mama yake kwa ajili ya doa la namna ile. Utomvu wa mgomba ukiingia unatulia kama maji, kisha unajitangaza, na ukishajitangaza hautoki mpaka nguo iwe tambara.

Mheshimiwa akamaliza. Hakuna aliyepiga makofi. Kuku tu, yule aliyechukuliwa kutoa maelezo, alikuwa anafukua.

"Mheshimiwa," akasema Bi Siwatu, kwa ile sauti ya huruma ambayo majirani zake waliiogopa, "umejichafua mkono wa suti. Nguo nzuri hivyo. Ni nini hicho?"

Mheshimiwa akatazama mkono wake. Naye alikuwa mtoto wa kata ile, naye alipata kupigwa. Uso ukamkauka, lakini kwa kitambo kidogo tu, maana hakukaa barazani miaka yote hiyo bure. Akashusha mkono, akatabasamu.

"Hiki? Aa, mama. Huu ni wino. Wino wa kura. Mimi nilikwisha kupiga kura yangu asubuhi na mapema, kama raia mwema."

Watu wote wakamgeukia Fikirini. Fikirini hakuwa amepata kumpinga Mheshimiwa hata kwa kukohoa. Akamtazama mkubwa wake, akatazama rula. Lingekuwa jambo la ukweli tu, labda angenyamaza. Alikwisha kunyamazia mengi. Lakini hili lilikuwa la utaratibu.

"Hapana, Mheshimiwa," akasema kwa upole, huku kidole chake kikirudi kutafuta kifungu cha kumi. "Wino bado haujafika."